UZI: Hereford, klabu ya mji mdogo iliyoitoa Newcastle 1972, ikafutwa 2014, na mashabiki wakaanza upya

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Januari raundi ya tatu ya Kombe la FA ikikaribia, televisheni za Uingereza hurudia goli moja la zamani. Uwanja ni tope tupu, jamaa anaachia shuti la mbali, mpira unazama kona ya juu, na watoto wenye makoti ya kofia wanamwagika uwanjani. Wengi wetu tumeiona hiyo klipu bila kujua timu ni ipi wala iliishia wapi.

Ile timu ni Hereford United. Goli lile ni zuri kweli, lakini mimi silihesabu kuwa jambo kubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii. Jambo kubwa lilikuja karibu miaka 43 baadaye, klabu ikiwa imeshafutwa na mahakama. Nitafika huko, ila lazima nianzie mbali. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Hereford iko magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, kando ya mto Wye. Wakazi ni kama 60,000. Kihadhi wenyewe wanaiita jiji, lakini kwa ukubwa ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji. Ule ng'ombe mwekundu mwenye uso mweupe aliyesambaa dunia nzima ametoka huko, na ndiyo maana timu inaitwa "Bulls". Kabla ya mechi kubwa fahali halisi huzungushwa uwanjani mbele ya mashabiki. Kitu kingine kinachoutambulisha mji ni pombe ya matofaa, Bulmers wanaitengeneza hapo tangu 1887.

Klabu iliundwa 1924 kwa kuunganisha timu mbili za mjini: St Martins, na RAOC ambayo ilikuwa ya kikosi cha jeshi cha mambo ya zana. Uwanja wao ni Edgar Street, na mwenye uwanja ni halmashauri, siyo klabu. Wekeni hilo akilini.

Miaka ya mwanzo walicheza ligi za kanda ya Birmingham, wakaingia Southern League, ligi ya kanda ya kusini, 1939, vita ikakatisha kila kitu. Sitakaa sana hapo.

Mdau wa Mwanza

Mkuu, kwa hiyo ilikuwa timu ya mchangani? Au daraja la kwanza la kwao? Sijaelewa walikuwa wapi hasa.

Mleta uzi

Swali zuri, bila hilo stori yote haieleweki.

Waingereza wana madaraja manne ya juu yenye klabu 92, hayo ndiyo nitayaita Ligi. Chini ya hapo kuna mamia ya klabu kwenye ligi za mikoa na kanda. Siyo mchangani, maana wana viwanja, wana makocha, na wachezaji wengi wanalipwa kiasi fulani, lakini mchezaji ana kazi yake nyingine ya kumpatia riziki: fundi, mwalimu, muuza duka.

Kwa miongo mingi kati ya hayo makundi mawili kulikuwa na ukuta. Kupanda hakukutegemea pointi. Timu nne za mkiani mwa Daraja la Nne ziliomba kura ya kubaki, timu za nje nazo ziliomba kura ya kuingia, na wapiga kura walikuwa klabu zilizomo ndani. Mara nyingi sana walichaguana wao kwa wao. Mambo ya kupanda moja kwa moja kwa kuchukua ubingwa yalianza 1987.

Kwa klabu kama Hereford njia ya kusikika ilikuwa Kombe la FA, ambako mdogo anaweza kupangwa na yeyote. Msimu wa 1957/58 waliichapa Queens Park Rangers 6-1, na raundi iliyofuata Sheffield Wednesday wakaja Edgar Street mbele ya watu 18,114. Hereford walifungwa 3-0, lakini idadi ile ya watazamaji haijawahi kufikiwa tena pale.

Halafu 1966 wakamsajili John Charles. Vijana huenda hamumjui. Huyu ni Mwelshi aliyekuwa mshambuliaji na beki wa kati, kote huko wa kiwango cha dunia, akachukua ubingwa wa Italia mara 3 na Juventus. Alifika Hereford mwili umeshachoka, lakini watu walijaa kumtazama, kisha akawa kocha mchezaji mpaka 1971. Naamini hapo ndipo mji ulianza kujiona una timu ya maana. Aliyepokea kijiti ni Colin Addison, naye kocha mchezaji.

Mdau wa Tanga

Tunasubiri hiyo ya Newcastle mkuu, usituache hewani.

Mleta uzi

Nimerudi. Januari 1972.

Kufika raundi ya tatu tu kulikuwa na kazi. Northampton, timu ya ndani ya Ligi, iliwachukua mechi tatu kuitoa. Wakapangwa na Newcastle ugenini, St James' Park. Newcastle ya Malcolm Macdonald, mshambuliaji hatari na mwenye maneno mengi, timu ya daraja la juu iliyojaa wachezaji wa timu za taifa.

Mechi ilichezwa Januari 24. Sekunde ya 17 Brian Owen akaifungia Hereford. Newcastle wakarudisha, wakaongoza 2-1. Addison mwenyewe akasawazisha kwa shuti la mbali, 2-2, marudiano Edgar Street.

Marudiano hayo yaliahirishwa tena na tena kwa sababu uwanja ulijaa maji. Wachezaji wa Newcastle wakabaki wamekaa hotelini Worcester siku kadhaa, nguo zikawaishia. Hatimaye ikachezwa Februari 5, siku ambayo timu nyingine zilikuwa tayari kwenye raundi ya nne.

Watu rasmi 14,313. Waliopanda miti na minara ya taa hawamo kwenye hesabu hiyo. Newcastle walipata nafasi nyingi, mwamba ukagongwa, kipa Fred Potter akaokoa mengi. Dakika ya 82 Macdonald akafunga kwa kichwa. Kwa akili ya kawaida mchezo ulikuwa umekwisha.

Kulikuwa na beki wa kulia, Roger Griffiths, aliyecheza sehemu kubwa ya mechi na mfupa wa mguu umevunjika. Alipotolewa akaingia Ricky George.

Dakika chache baadaye Ronnie Radford, kiungo ambaye kazi yake ya siku zote ni useremala, akaupigania mpira topeni, akagongeana na Owen, mpira ukadunda vizuri mbele yake. Kama yadi 30. Akapiga. Kipa aliruka, lakini ule haukuwa mpira wa kufikiwa. 1-1, watoto uwanjani.

Katika dakika 30 za nyongeza, dakika ya 103, Ricky George akapokea mpira ndani ya boksi, akageuka, akapiga chini kwenye kona. 2-1. Tangu Yeovil walipoifunga Sunderland 1949 hakuna klabu ya nje ya Ligi iliyokuwa imeitoa timu ya daraja la juu.

Mtangazaji wa BBC siku ile alikuwa kijana wa miaka 26, John Motson, bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Mechi ilitarajiwa kupewa dakika chache tu mwishoni mwa kipindi. Baada ya yale magoli ikawa ndiyo mechi ya kufungulia kipindi, na Motson akatangaza mpira kwa miongo mingine minne na zaidi.

Siku nne baadaye West Ham wakaja, 0-0. Marudiano London yalichezwa Jumatatu mchana kwa sababu mgomo wa wachimba makaa ulikuwa umeleta mgao wa umeme na taa za uwanja haziwezi kuwashwa. Watu 42,271 siku ya kazi! Geoff Hurst akafunga 3, Hereford wakatoka 3-1.

Mdau wa Mombasa

Huyo Ricky George ndiye yule aliyekuwa na farasi?

Mleta uzi

Ndiye. Alikuwa mmoja wa wamiliki wa Earth Summit, farasi aliyeshinda Grand National 1998. Radford yeye alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 79.

Tuendelee. Kiangazi cha 1972 Hereford wakaomba kura. Zikafungana kati yao na Barrow, zikarudiwa, Hereford wakashinda na Barrow wakatolewa. Ndani ya msimu wa kwanza wakapanda Daraja la Tatu. 1976 wakawa mabingwa wa Daraja la Tatu chini ya kocha John Sillett, Dixie McNeil akipachika magoli 35 ya ligi. Kutoka Southern League mpaka Daraja la Pili kwa miaka 4, mji wa wafugaji!

Huko juu hawakudumu. Septemba 1976 walikwenda Fulham wakala 4-1, ile mechi ambayo George Best na Rodney Marsh walinyang'anyana mpira wao kwa wao ingawa wamevaa jezi moja. Hereford waliburuza mkia, wakashuka, mwaka uliofuata wakashuka tena. Miaka ya 80 waliishi Daraja la Nne kwa kubana matumizi. 1990 walichukua Kombe la Wales kwa kuifunga Wrexham 2-1, lakini kwa kuwa ni klabu ya Uingereza hawakuruhusiwa kwenda Ulaya na kombe lile.

Mdau wa Dodoma

Barrow wameonewa hapo. Unatolewa kwa kura wakati mwenzako alichofanya ni kushinda mechi moja ya kombe?

Mleta uzi

Nakubaliana nawe. Hereford walikuwa pia timu nzuri ya Southern League, lakini bila Newcastle zile kura wasingepata. Barrow walisubiri miaka 48, wakarudi 2020 kwa pointi zao wenyewe. Yaliyowakuta Hereford 1997 yana uchungu wa aina hiyohiyo.

Mei 3, 1997. Siku ya mwisho ya msimu, Hereford wako nyumbani na Brighton. Moja kati ya hizo mbili ndiyo inatoka kwenye Ligi. Hereford lazima washinde, Brighton sare inawatosha. Hereford wakatangulia kwa goli la kujifunga la Brighton. Kipindi cha pili Robbie Reinelt akasawazisha. 1-1, filimbi.

Wote wana pointi 47. Kwa tofauti ya magoli Hereford ndio wazuri zaidi: wao -15, Brighton -17. Lakini kanuni ya Ligi wakati ule iliangalia kwanza magoli ya kufunga. Brighton 53, Hereford 50. Miaka 25 ndani ya Ligi ikaisha hapo. Na Brighton walikuwa wamekatwa pointi 2 msimu ule kwa vurugu za mashabiki!

Brighton leo wako Ligi Kuu na wamecheza Ulaya. Simwonei mtu wivu. Wao nao walikuwa na msiba wao, uwanja wao wa Goldstone ulikuwa umeuzwa na viongozi wa wakati ule, wakaenda kuazima uwanja Gillingham miaka miwili.

Mdau wa Birmingham

Mkuu hongera kwa uzi. Mimi naishi Birmingham, kwa treni ni kama saa moja na nusu hadi Hereford. Nilikwenda Edgar Street na mfanyakazi mwenzangu mzaliwa wa pale. Ukitaka kujua uzito wa 1997 muulize mtu wa makamo wa Hereford. Ya 1972 wanakueleza wakitabasamu. Ya 1997 wanakutajia mpira uliogonga wapi na nani alikuwa amesimama wapi. Jukwaa la kusimama lipo bado, watu wana sehemu zao ambazo baba zao walisimama.

Mleta uzi

Asante sana kwa ushuhuda huo.

Kocha wa 1997 alikuwa Graham Turner. Hakukimbia. Alibaki, baadaye akawa na hisa nyingi na kuiendesha klabu yeye mwenyewe, kocha na mwenyekiti kwa wakati mmoja. Misimu mitatu mfululizo, 2004, 2005 na 2006, walimaliza wa pili kwenye ligi iliyo chini tu ya Ligi. 2004 walikuwa na pointi 91 na bado hawakupanda! 2006 kwenye fainali ya mchujo waliifunga Halifax 3-2 ndani ya muda wa nyongeza, mfungaji wa la ushindi Ryan Green. Miaka 9 ya kungoja. 2008 wakapanda tena, 2009 wakashuka. Turner akauza 2010.

Baada ya hapo mambo yakaenda vibaya. 2012 wakashuka nje ya Ligi, mapato ya televisheni yakakatika, madeni yakabaki palepale. 2014 walijiokoa uwanjani siku ya mwisho, lakini wakafukuzwa kwenye ligi yao kwa kushindwa kulipa madeni. Klabu ikauzwa kwa mtu wa nje kwa paundi 2. Sikukosea kuandika, paundi mbili.

Hapa ndipo napopaona pakubwa kuliko goli la Radford. Umoja wa mashabiki ulikwishaundwa miaka ya nyuma. Walipoona mmiliki mpya hatoi majibu kuhusu madeni na mipango ya uwanja, waliamua kususia. Fikirieni maana yake. Mtu amekwenda Edgar Street kila Jumamosi tangu utotoni, na sasa anasimama nje ya geti timu yake ikicheza ndani, hanunui tiketi. Mahudhurio yakaporomoka vibaya. Waliokuwa wakiingia na waliokuwa wakisusa wakagombana, familia kwa familia. Desemba 19, 2014 Mahakama Kuu London ikaifuta Hereford United. Matokeo yao ya msimu ule yakafutwa pia kwenye msimamo.

Hawakulala. Siku chache tu baadaye Hereford FC ilikuwa imetangazwa. Wafanyabiashara wachache wa mjini wakatia mtaji, umoja wa mashabiki ukapewa nafasi ya kumiliki hadi nusu ya hisa, watu wakachanga. Na kwa kuwa uwanja ni wa halmashauri, hakuna aliyeweza kuuchukua na kujenga maduka. Halmashauri ikaipangisha klabu mpya. Watu wakaingia Edgar Street kujitolea: seremala, fundi bomba, wapaka rangi. Kwenye nembo waliandika "Forever United".

Walipangiwa ngazi ya 9 kutoka juu. Timu nyingine za daraja lile zinatazamwa na watu mia na ushee, Hereford wanajaza maelfu. Wakachukua ubingwa 2016, 2017 na 2018, madaraja matatu mfululizo, chini ya kocha Peter Beadle. Mei 2016, msimu wa kwanza kabisa, wakacheza fainali ya FA Vase, kombe la klabu za ngazi za chini, Wembley. Rob Purdie, aliyewahi kuichezea klabu ya zamani, akafunga mapema kabisa, lakini Morpeth Town wakageuza, 4-1. 2021 wakarudi Wembley, fainali ya FA Trophy, kombe la klabu za nje ya Ligi, wakafungwa 3-1 na Hornchurch. Wembley bado wanaidai.

Mdau wa Mbeya

Mimi naona unawasifia mno mashabiki. Bila mwenye hela timu haiendi. Sisi huku tuna mfano wa Tukuyu Stars, mabingwa wa Bara 1986, mji mdogo kabisa wa Rungwe. Mapenzi ya watu yalikuwepo tele, leo timu iko wapi?

Mleta uzi

Hoja yako nzito na siikwepi. Hereford FC wenyewe walihitaji wafanyabiashara, nimesema hapo juu. Wamekaa National League North, ngazi ya 6, misimu mingi tangu 2018, na sababu moja ni kwamba hawatumii wasichonacho, wakati wapinzani wengine wana tajiri anayefidia hasara.

Lakini angalia nini kilikufa 2014. Ilikufa kampuni. Mapenzi peke yake yasingetosha, kulihitajika vitu viwili vilivyokuwa tayari kabla ya msiba. Kwanza uwanja haukuwa mali ya mtu. Pili mashabiki walikuwa na umoja ulioandikishwa, wenye uongozi, akaunti na orodha ya wanachama, kwa hiyo mahakama ilipofunga faili wao walikuwa na pa kuanzia kesho yake. Ukikosa hivyo viwili, timu ikianguka kila mtu anabaki na huzuni yake nyumbani.

Ndiyo maana napenda kujua ya Tukuyu: jina la klabu liliandikishwa kwa nani, uwanja wa nani, wanachama walikuwa na kadi? Wewe uko karibu.

Mdau wa Mbeya

Hapo umenigusa. Kuna wazee wa Tukuyu walioiona ile timu ya 86, nitawatafuta niwaulize hasa hilo la uandikishaji.

Mleta uzi

Fanya hivyo mkuu, na ufungue uzi wake, usiuchanganye na huu. Uliza pia kuhusu viingilio vya mechi vilikuwa vinakwenda kwa nani. Nikiuona nitakuja na maswali.